Kitanda Chenye Magurudumu

Watu wa Magarama, mtaa wetu hapa Gitega, wakisimulia habari za mama yangu husema alivunjika nyonga shambani akichimba viazi, maana hadithi ya hivyo inampa heshima. Uongo mtupu. Alianguka sebuleni kwangu akikimbilia simu ambayo hata haikuwa yake. Hospitali walimfunga, wakamfungua, na walipomaliza naye aliweza kusimama kidogo kwa gongo na kulala atakavyo, ila kukaa, hapana. Akikaa kitini kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, jasho linamtiririka na midomo inakauka.

Mtu asiyeweza kukaa hawezi kupanda gari. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka siku tuliyompakia kwenye teksi kwenda Itaba, kilimani kwao, kumwona mdogo wake. Hatukufika hata mwisho wa mji. Mama yangu, mwanamke aliyekimbilia Tanzania kwa miguu akiwa na mimba yangu, alimshika dereva bega akamwambia kwa adabu, "Mwanangu, nirudishe." Nililia njia nzima.

Mdogo wake huyo, ambaye mimi namwita mama mdogo, ndiye pekee aliyebaki katika ndugu zao. Miguu yake haimfikishi hata kisimani, na masikio yalishakufa zamani. Kwa hiyo msiniambie habari za simu. Tukipiga, wajukuu wake wanaishika, wanapiga kelele sikioni mwake mpaka majirani wanatoka nje, naye anajibu kwamba maharage yameota vizuri. Hawa wawili walitenganishwa na ukimbizi ule wakiwa vijana, wakaonana tena nywele zimeshakuwa nyeupe, na sasa nyonga moja ilitaka kuwatenganisha kwa mara nyingine, tena ndani ya mkoa mmoja. Mimi nilisema haiwezekani. Nilisema kwa sauti, jikoni, nikiwa na mwiko mkononi.

Mume wangu akataja njia zilizobaki, kwa utaratibu wake ule wa kusema neno moja kisha kukohoa. Kukodi gari la wagonjwa. Au kumbeba mama kwa ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huiweka mabegani na kushuka nayo vilima. Mama alisikia yote akiwa chumbani, maana nyumba yetu haina siri.

"Ingobyi inayoshuka kilima inapeleka mgonjwa hospitali," akasema kutoka huko. "Inayopanda inarudisha maiti. Mimi kwetu sipandishwi kwa ingobyi. Na hilo gari la kupiga king'ora, likifika pale watu wataanza kuchimba kaburi kabla sijashuka. Nitakwenda kwetu kama mgeni, au nitakaa hapa."

Basi mambo yakawa hapo.

Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari. Nina kibanda, cherehani ya miguu, na mdomo ambao wateja wanauogopa kuliko sindano. Siku moja mteja wa Muyinga aliniita nikampimie viti vya basi lake dogo. Nilipomaliza kupima nikatafuta choo, na jirani yake, mama mmoja mjane wa Kiislamu anayeuza vitambaa, akaniambia nipite uani kwake. Huko nyuma, kati ya migomba, nikaona pua ya gari. Pua ya mviringo, buluu chini, nyeupe juu, na kuku akinitazama kupitia dirisha kana kwamba mimi ndiye nimechelewa.

Nikasahau choo. Nikazunguka. Ilikuwa kombi ya zamani, ya aina ambayo sikuwahi kuiona hata Kigoma, yenye paa linaloinuliwa kama mfuniko wa sanduku. Nikafuta vumbi kwenye kioo, nikachungulia. Ndani kulikuwa na kabati dogo la mbao, jiko la gesi lenye kutu, sinia la mayai, na nyuma kabisa, juu ya injini, kitanda. Kitanda kamili, jamani, cha urefu wa mtu, na dirisha ubavuni mwake. Mama yangu hawezi kukaa, nikasema, lakini nani kasema lazima akae?

Nilirudi mbele ya nyumba nikamwambia yule mjane mwenye gari bei, hapo hapo, hata jina lake sijaliuliza. Ndivyo nilivyo. Sina subira hata ya kungoja chai ipoe.

"Hii gari haiko ya kuuzisha," akasema, akiendelea kukunja vitambaa vyake. "Wazungu fulani walikuwa wanazunguka nayo, ikawafia hapa, marehemu bwana yangu akawasaidia sana. Wakampa. Kitu ya kupewa, we utaiuzisha namna gani?"

Nikaongeza bei. Akatikisa kichwa. Hasira zikanipanda, nikamuuliza kama ni haki kuku kulala kwenye kitanda wakati kuna binadamu wanakihitaji.

"Kuku wangu hawajaniletea bei," akasema.

Nilirudi Gitega nimevimba. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa kile kicheko chake cha ndani kwa ndani, mabega tu yanatetemeka. Yeye hakuwahi kutoka Burundi. Mimi nimezaliwa na kukulia kambini Tanzania, na kila nikikosea jambo la hapa ananiita Mutanzania.

"We Mutanzania," akasema, "umemupigia mutu bei ya ng'ombe ya kupewa. Hiyo ni matusi."

Akanieleza. Ng'ombe uliyepewa humuuzi, lakini mwenye kumtamani anaweza kuja kukuomba. Kuomba kuna njia yake. Huji mikono mitupu, unakuja na pombe, na unakuja na maneno, na maneno hayakimbii. Mwenye ng'ombe akiridhika, anakupa, nawe unabaki mtu wake maisha yenu yote. Kwa nini gari la kupewa liwe tofauti? Alikuwa na injini ya lori mezani siku zile, yeye ni fundi wa magari, akaniambia nimsubiri amalize ndipo twende wote.

Nimsubiri? Mimi? Asubuhi iliyofuata nilipanda basi na dumu la urwarwa, pombe ya ndizi, tena ile kali inayotengenezwa Makebuko. Nilijua kabisa kwamba yule mama ni Mwislamu, msinione mjinga. Lakini niliambiwa bila pombe ombi si ombi, na mimi desturi nilizojifunza ukubwani nazishika kama mtoto anavyoshika sala, neno kwa neno. Nikajisemea labda ni kwa ajili ya majirani. Nikafika Muyinga, nikaingia kwake wakati ndiyo kwanza anakunja mkeka wa alasiri, nikapiga goti, nikaweka dumu mbele yake na kulifungua.

Harufu ikajaa chumba. Yule mama akatazama dumu, akanitazama mimi, akatazama mkeka wake. Nikaona uso unakunjamana, nikasema hapa nimekwisha. Kumbe alikuwa anajizuia. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka, mpaka akashika mlango, na mimi nimepiga goti pale na kifuniko mkononi.

"Nani amekufundisha kuomba?" akauliza alipopata pumzi.

"Mume wangu."

"Basi mulete huyo bwana. Na hiyo kitu funga, toa hapa. Sisi pia tunaombwaka, binti. Lakini sisi tunaombwa kwa mutobe na sukari."

Mutobe ni maji ya ndizi kabla hayajawa pombe, matamu kama asali. Nilipokuwa nafunga dumu lile nilikuwa na aibu ya kufa mtu, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa amesema sisi tunaombwa. Hakusema hapana.

Tulirudi wawili. Mume wangu alivaa koti la harusi yetu, ambalo sasa halifungi, na mutobe tukanunua Muyinga kwenyewe asubuhi ile, maana ungetoka nao Gitega ungefika umeshaanza kulewesha. Kabla ya kuingia alinishika mkono. "Leo," akasema, "mudomo yako iko likizo."

Na nikanyamaza, Mungu ni shahidi. Alianza na mvua. Akatoka kwenye mvua akaingia kwenye mihogo, akatoka kwenye mihogo akaulizia watoto, akasifia vitambaa, akamtaja marehemu kwa heshima ingawa hakumjua. Mimi nilijifinya paja mpaka likawa jekundu. Yule mama alikuwa anaifurahia kila dakika. Hatimaye mume wangu akasema, polepole, kwamba tulipokuwa tunapita njia tuliona ng'ombe kwenye zizi la nyumba hii.

"Ng'ombe gani? Mi iko na kuku tu."

"Iko moja ya buluu, Mama, na mugongo mweupe. Haijatembea siku nyingi."

"Aa, huyo. Huyo ni muzee. Mwenye kumutaka atamufanyia nini?"

Hapo mwenye kujibu ni msemaji. Ndiyo desturi. Lakini likizo ya mdomo wangu iliishia hapo. Nilimwambia yote, bila mpangilio: nyonga, teksi, mama mdogo asiyesikia, maharage yaliyoota vizuri, ingobyi inayopanda. Nilisema mama yangu anazeeka kitandani kilomita chache kutoka kwa mtu pekee anayemkumbuka akiwa msichana. Nilisema siombi gari, naomba kitanda kile. Mume wangu alifumba macho.

Yule mama alikunywa mutobe wake mpaka chini. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama yako analala chali ao ubavu?"

"Ubavu."

"Bon. Ataona njia," akasema. "Nimewapa. Musiiuzishe."

Nilimrukia yule mama; sikujua kwamba mtu mzima anaweza kumkumbatia mtu asiyemjua hivyo. Nilipotoka kwake nikamkumbatia mume wangu, koti lake likachanika kwapani, na hakulalamika.

Tuliibeba kombi juu ya lori lililokuwa linarudi tupu kupitia Karuzi. Kuku mmoja aligoma kushuka, akarudi ndani kila tulipomtoa, na yule mama akasema basi naye ni wa kupewa. Tulipoingia Magarama watu walisimama njiani. Vijana wa baiskeli wakaniuliza kama sasa nafuga kuku wa kisasa. Jirani yangu mmoja, ambaye simtaji, akasema nimeleta jeneza la bati. Nikampa vidonge vyake, na tangu siku ile hatukusalimiana.

Lakini usiku ulipopita na jua likaiangalia vizuri, hata mimi niliogopa. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona majani chini. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimeganda kama saruji; nilikikwangua kwa patasi, kitambaa puani, nikitukana kwa lugha zote ninazozijua. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki hata nusu. Mume wangu akaimiminia mafuta ya taa na oili kwenye silinda, akaiacha inywe, na kila jioni alikuwa anashika spana ndefu, anavuta, anakohoa, anaondoka. Mimi ningeipiga nyundo siku ya kwanza. Siku moja akavuta, na kitu kikasema "kwi" humo ndani. Akaniita kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona ndege na hataki aruke.

Kuanzia hapo tulitoka jasho kwelikweli, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Yeye alikata mapipa ya mafuta akayanyoosha, akachomelea sakafu mpya. Breki alizifungua zote, akasafisha, akabadilisha mipira kwa ile aliyoikuta kwenye gari jingine na kuikata mwenyewe. Kamba ya chuma inayotoka kwenye kanyagio la mafuta mbele mpaka kwenye injini nyuma ilikuwa imeoza, na mpya ya urefu ule haipatikani Gitega wala wapi, hivyo akaunganisha nyaya za breki za baiskeli. Mimi nilichukua ndani. Kabati nikalisugua mpaka mbao ikatoa rangi ya asali. Paa lile linaloinuka nikalishonea turubai jipya la lori, mishono miwili miwili, lisipite hata tone. Na godoro, godoro nilichagua sponji kama nachagua mkwe. Nikalifunika kitambaa cha kijani ambacho mteja mmoja tajiri alikisubiri. Mpaka leo anasubiri.

Mama tulimpeleka uani akalijaribu. Akalala ubavu, akatazama dirishani.

"Upande wa miguu umeuinua sana," akasema.

Nikaufumua, nikaushona upya. Tangu siku hiyo ikawa hamtoi mtu humo mchana. Alipokea wageni akiwa amelala ndani ya kombi, mlango umefunguliwa, mume wangu anagonga vyuma chini yake, na kuku wa Muyinga kwenye kiti cha dereva. Rangi ilikuja kwenye mashavu yake kabla haijaja kwenye bodi.

Siku injini ilipowaka, ilipiga mshindo mmoja, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa kama mwenyewe aliyeitengeneza, kisha ikashika. Tu-tu-tu-tu, sauti kavu ya zamani ambayo magari ya leo hayana. Nilimpigia simu yule mama wa Muyinga, nikaisogeza simu nyuma ya gari bila kusema neno. Kisha nikairudisha sikioni.

"Ni yeye," akasema. "Ndiyo sauti yake." Kisha akasema ana wateja, akakata, na mimi nilijua hana wateja.

Habari za kombi zilitembea. Bwana mmoja alipanda kutoka Bujumbura, viatu vinang'aa, akaizunguka akiipiga picha kwa simu. Akasema magari ya namna hii yamebaki ya kuhesabu, yenye paa hilo na kabati hilo hakuna nchini, na kwamba nitaje ninachotaka. Nikamwambia hiki ni kitu cha kupewa. Akaongeza. Ndipo nikasikia mdomo wangu ukimjibu kwamba hata kuku aliyemo hajaniletea bei, na mama yangu, humo kitandani, akacheka mpaka nikaogopa nyonga.

Kilichobaki kilikuwa mafuta. Miezi ile esanse ilikuwa imepotea mjini, foleni zinalala na kuamka, na wenye pikipiki wanatembea kwa miguu. Nilikuwa nimekata tamaa kidogo. Lakini hapa kwetu mtu akiwa na shughuli, majirani wanamtwerera, kila mmoja analeta alichonacho, kreti au kikapu au debe. Basi Magarama wakatutwerera esanse. Mmoja chupa ya maji iliyojaa, mwingine nusu, mwenye pikipiki akanyonya kidogo kwenye tanki lake. Na yule jirani wa jeneza la bati akaja na dumu dogo, akaliweka mlangoni, akasema, "Musalimie Itaba." Tukaanza kusalimiana tena.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Mama alivaa imvutano yake nzuri, ile nguo ya heshima inayofungwa begani, na akaniamuru nimpake mafuta usoni. Mume wangu kwenye usukani, mimi nimekaa chini karibu na kitanda. Mama aliitazama njia kupitia dirisha lake, anaitaja: pale palikuwa na msitu, pale alikuwa anakaa mtu mchoyo. Makebuko ilikuwa siku ya soko, tukapita kati ya vikapu vya ndizi polepole, na watu wakainama kuchungulia, wakaona bibi amelala kwenye shuka safi anawapungia mkono. Alikuwa malkia. Sijui neno jingine.

Baada ya hapo ukaja udongo mwekundu, na vilima. Kombi ilipanda cha kwanza ikilalamika, ikapanda cha pili. Kwenye cha mwisho, tulipoanza kuona mikaratusi ya kwao, injini ikalegea ghafla. Mume wangu alikanyaga, hakuna kitu. Akavuta breki, tukaweka mawe kwenye matairi, akaingia chini. Alipotoka uso wake ulinieleza kabla yeye hajakohoa. Nyaya za baiskeli zimekatika, si sehemu moja, zimefumuka zote.

Watu wakakusanyika, wema kabisa. Wanaume wa mlima ule walichungulia ndani, wakamwona mwanamke mzee amelala, na wakafanya ambalo watu wema wa hapa hufanya. Mmoja akatuma watu nyumbani kwake. Dakika chache wakarudi mbio wakiwa wamebeba ingobyi.

Mama aliiona kupitia dirisha. Akageuza uso akatazama ukuta.

"Nirudisheni Gitega," akasema.

"Mama, pale ni pale tu. Naona hata miti ya kwenu."

"Nirudisheni."

Wale wanaume walishika machela yao bila kujua wamekosea nini. Hasira iliyonipanda mimi haikuwa ya kawaida. Ilikuwa hasira ya miaka yake yote, ya kukimbia, ya kambi, ya kurudi, ya kila mara kupelekwa na watu. Nikamwambia mume wangu, "Gari linawaka?" Akasema linawaka, ila hakuna wa kuivutia mafuta, mguu wake haufiki nyuma. Nikasema mkono je?

Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakimbia.

Chini ya pembe ya godoro kuna kifuniko kidogo unachofungulia injini. Tulikifungua, akaingiza mkono, na mimi nikampa uzi wangu wa kushonea viti, ule wa nailoni usiokatika hata kwa meno. Akaufunga kwenye mkono wa kabureta, akautoa juu kupitia kifuniko. Ukivuta, injini inapata nguvu. Ukiachia, inatulia. Akarudi kwenye usukani, mimi nikaushika uzi.

Tulikwenda kwa hatua kumi za aibu. Akisema vuta, nilikuwa nimeshavuta. Akisema achia, nimeshavuta zaidi. Gari liliruka kama mbuzi, likazima. Likawaka, likaruka, likazima. Yeye akasema kitu kuhusu mikono ya Watanzania, mimi nikasema kitu kuhusu mama yake aliyemlea, na wale wanaume wenye ingobyi wakatazama pembeni kwa adabu.

"Nyinyi mtaniua," mama akasema. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani. "Lete hapa."

Akautwaa uzi mkononi mwangu, akauzungusha kwenye vidole viwili kama mtu anayesokota kamba ya mkeka. Yeye alikuwa amelala juu ya ile injini. Miezi mingi alikuwa amelala juu yake. Aliisikia kwa mbavu zake. Mume wangu akaingiza gia bila kusema kitu, na kabla hajafungua mdomo mama alikuwa ameshavuta, taratibu, kiasi kile kile. Kombi ikapanda. Ilipochoka alivuta, ilipopata aliachia, macho yake dirishani, midomo imekazwa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni sina kazi yoyote, nalia kama mtoto.

Tulipoingia kwenye uwanja wa nyumba yao alivuta mpaka mwisho. Mngurumo ule ulitoa kilima kizima nje: watoto, wanawake, wazee, mbwa. Wote isipokuwa mmoja. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, ametupa mgongo, hakusikia kitu. Nilishuka nikamgusa bega. Akageuka. Akaangalia gari, akaangalia mlango uliofunguliwa, akaangalia aliyelala ndani kwenye kitambaa cha kijani na nguo yake ya heshima, na maharage yote yakamwagika.

Wajukuu wakamwinua, akapanda mwenyewe hatua ya mwisho, akaketi ukingoni mwa kitanda. Walishikana nyuso kwanza, muda mrefu. Halafu mama mdogo akauliza kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyouliza, "Nani amekuleta?"

Mama akajipiga kifua. Mwenzake hakuelewa. Akajipiga tena, kisha akainua vidole vilivyozungushiwa uzi, akauchukua mkono wa mdogo wake akaulaza bapa juu ya godoro, na akavuta. Kitanda kikatetemeka. Mama mdogo alitoa macho, akaangalia mkono wake, akaangalia uzi, akaangalia dada yake, na nikaona kabisa pale alipoelewa.

"Tena," akasema.

Mama akavuta tena. Na tena. Mume wangu alikuja dirishani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanamaliza esanse ya kurudia. Nikamwambia aende akanywe maji na awaache.